Taa za Samli Nyumbani kwa Bi Rukia

Dolma hakuzunguka. "Salma, kaa chini kwanza," aliniambia kwenye simu, na kabla sijapata kiti akasema, "Bi Rukia amefariki. Sasa hivi. Nilikuwa nimemshika mkono." Nilikuwa jikoni kwangu Selly Oak, kisu mkononi, kitunguu nimekikata nusu, na wanafunzi wa nyumba ya pili wamefungulia muziki wao kama kawaida. Nikakaa sakafuni. Nilisikia anavyohema, na yeye bila shaka alinisikia nikilia. Nilipofika stesheni ndipo Hafidh, mpwa wake Bi Rukia, akanipigia. "Da Salma, Bi Rukia hajisikii vizuri. Si kitu kikubwa. Ukipata nafasi njoo, lakini usifanye haraka." Maskini, kudanganya hajui. Nikamjibu haya, nakuja, inshallah atapoa, kama vile sijui lolote. Simlaumu. Ndivyo tulivyolelewa: mtu hatupiwi habari ya msiba akiwa peke yake. Anaitwa kwa hila, anafika, anakuta mikeka imetandikwa na watu wamejaa, anaelewa mwenyewe kabla hajaambiwa, na akianguka kuna wa kumdaka. Nikapanda treni. Inakatiza mji mzima kutoka Selly Oak hadi Erdington, na njia nzima niliwaza jambo moja: kwa nini Dolma ndiye aliyenipigia, tena akanipigia vile. Maana juu ya jambo hilohilo, namna ya kumwambia mtu kwamba mzee wake amekufa, sisi watatu tuliwahi kuumizana vibaya sana.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nyumba ya Bi Rukia ilikuwa na wanawake wanne na choo kimoja. Iko nyuma ya barabara ya maduka pale Erdington, nyumba ya matofali mekundu iliyobanwa na wenzake pande zote mbili, kuta zake nyembamba kiasi kwamba mtu akigeuka kitandani chumba cha pili wanajua. Bi Rukia, mjane wa Kiunguja aliyekwisha kuizoea baridi ya Waingereza lakini hajaisamehe, alilala chini karibu na jiko, na mchana alivaa dira, juu yake sweta, juu ya sweta kanga. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma juu, mwanafunzi wa chuo, mvivu wa kuosha vyombo na hodari wa kujibu. Chumba cha mbele alikaa Wanjiku, Mkenya wa Nyeri, aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alirudi asubuhi amechoka, akala ugali wa jana, akasali, akalala. Na kile chumba kidogo cha juu ya mlango, ambacho Bi Rukia alikuwa akiwekea masanduku, alipewa Dolma. Mama mmoja wa kamati ya kusaidia wakimbizi ndiye aliyekuja kumwombea. Alisema msichana anatoka Tibet. Bi Rukia akauliza Tibet ni wapi. Alipoambiwa ni juu milimani, nyuma ya India, na kwamba Wachina ndio wanaoitawala na huyu msichana hana pa kurudi, akauliza swali moja tu: "Anakula wali?"

Alikula wali, lakini chai yake ilituvunja. Dolma alikoroga majani ya chai na siagi na chumvi, akapigapiga mpaka ikatoka povu, akaimimina kwenye bakuli na kuichanganya na unga wa shayiri iliyokaangwa, akaufinyanga kwa vidole na kuula tonge tonge. Bi Rukia, ambaye chai kwake ni iliki, tangawizi na sukari ya kutosha kuangusha farasi, aliangalia mara ya kwanza mkono umemziba mdomo. "Chai ya chumvi!" alisema. "Ya Rabbi, hawa watu wameteswa kuliko tunavyoambiwa." Dolma alicheka mpaka machozi. Kiingereza alikisoma shule za wakimbizi India, Kiswahili alikiokota jikoni, na baada ya miezi michache alikuwa akishuka ngazi asubuhi na kuita "Shikamoo, Amala!" Amala kwao ni mama, kwa heshima. Bi Rukia hakuwa na mtoto. Aliitikia "marahaba" kwa sauti ambayo mimi, niliyekaa kwake muda mrefu zaidi, sikuwahi kuitikiwa, na nakiri niliona wivu.

Serikali haikumruhusu kufanya kazi mpaka kesi yake ya ukimbizi iamuliwe, basi alifagia nyumba ambayo imeshafagiliwa, alipanga nguo za mitumba bila malipo katika duka la hisani, na alisubiri. Kusubiri kwake ndiko ninakokukumbuka zaidi. Kulikuwa na namna yake ya kukaa kwenye ngazi karibu na simu ya nyumba, magoti yamekutana, kama mtu aliye kwenye chumba cha daktari. Kaka yake alikuwa kusini mwa India, kwenye kijiji cha wakimbizi, na alipiga mara mojamoja kutoka kibanda cha simu. Mama yao alibaki Tibet. Dolma aliniambia habari ya mama yake jioni moja tukikunja sambusa za harusi ya watu. Alikuwa na miaka tisa alipotolewa nyumbani, yeye na kaka yake, wakakabidhiwa kwa mtu wa kuwavusha milima kwa miguu hadi Nepal. "Mama alisimama mlangoni," alisema. "Watoto wengine mama zao walilia, walijitupa chini. Wangu alisimama tu. Hakutoa hata chozi. Nilimwangalia mpaka tukapinda njia, nikisema sasa atalia, sasa atalia." Alibana ncha ya sambusa kwa kidole. "Nimemchukia kwa ajili ya hilo, Salma. Mama mzuri, alitutoa ili tusome lugha yetu, tuishi. Lakini nimemchukia." Toka siku ile walikuwa wamezungumza kwa simu mara chache mno, na kwa kuwa simu za kule husikilizwa walizungumza juu ya theluji na mbuzi.

Simu ya msiba ilikuja Dolma akiwa kwenye lile duka la mitumba. Aliyeipokea ni Bi Rukia. Alikulia mtaa mmoja na Wahindi na Kihindi alikijua cha kutosha, basi yeye na kaka yake Dolma walielewana. Mimi nilirudi kutoka chuo nikakuta mlango wa jikoni umerudishwa, na sauti ya Bi Rukia ndani, ya chini, ile sauti ya kwetu ambayo ukiisikia tu unajua. Nikasimama ukumbini na koti langu.

"Kafa, Wanjiku. Mama yake kafa. Habari imeletwa na mfanyabiashara aliyevuka mpaka, imechukua wiki kufika. Kaka mtu kaniambia nimwambie, waanze maombi yao."

"Woi. Pole sana. Na utamwambia saa ngapi?"

"Simwambii."

"Mama!"

"Simwambii sasa. Kesi yake iko mbele ya jaji mwezi huu. Ukimwambia leo atasimama vipi mbele ya wale watu? Watamuuliza maswali, atalia, watasema muongo. Akishamaliza kesi ndipo tumkalishe. Tutaita watu, tutapika."

"Mama, mimi hiyo job yangu nimeona families zikificha mtu vitu. Haiendangi poa. Huyo ni mtu mzima, ni mamake, ako na right ya kujua."

"Haki ya nini? Nimemuuliza kaka yake, kanambia msiba wao ni wiki saba. Kama arobaini yetu, ila wao wanazidisha. Wiki saba ni nyingi. Kesi itaisha, na arobaini yao itakuwa bado. Tutaifanya hapahapa, kubwa, mpaka mtaa ushangae."

Nikasikia Wanjiku akisukuma kiti nyuma. Ilikuwa nyumba ya Bi Rukia. Nami nilipoingia, nikijifanya nimefika sasa hivi, Bi Rukia aliniangalia mara moja tu akajua. "Umesikia," akasema. "Basi na wewe funga mdomo."

Niliufunga. Nilimwamini, kila nilichokijua kuhusu misiba kilikubaliana naye. Lakini nyumba ilibadilika. Bi Rukia alianza kumpa Dolma vinono, paja la kuku, chapati ya kwanza kutoka kwenye chuma. Alimkandia unga wake wa shayiri kwa mkono wake mwenyewe. "Amala, mbona unaninenepesha?" Dolma aliuliza, anacheka. "Unataka kunichinja Idi?" Bi Rukia alicheka pia, kisha akaenda kusimama mbele ya sinki na kufungulia maji. Wanjiku alianza kula chumbani kwake. Mimi nilichelewa makusudi maktaba. Chakula kitamu kama kile sijawahi kukimeza kwa shida namna ile, na mpaka leo nikipewa paja la kuku kwenye sahani bila kuliomba moyo unanidunda.

Asubuhi moja niliingia chumbani kwa Dolma kuazima kitana. Juu ya sanduku lililotandikwa kitambaa alikuwa na bakuli saba ndogo mbele ya picha ya mwalimu wao, na kila siku alizijaza maji, moja baada ya nyingine, na jioni akazimwaga na kuzifuta. Nikakaa kitandani kumwangalia. Nikamuuliza, nusu kwa udadisi na nusu kwa sababu dhamiri ilikuwa inaniwasha, kwenu mtu akifa mnafanya nini. Hakushtuka. Alinieleza habari ya msichana aliyekufa shuleni kwao India, kwa homa. Alisema kila siku mtawa alikuja kusoma, na wenzake wakawasha taa za siagi na kuchoma unga kidogo ili apate kula moshi wake.

"Kila siku?" nikauliza. "Si mwisho, kwenye wiki ya saba?"

"Mwisho kuna nini? Mwisho ameshakwenda." Alimimina maji polepole, bila kumwaga tone. "Mtu akifa hajui kama amekufa. Anazunguka. Anaona nyumba yake, anawaita watu, hawamjibu, anaogopa. Anasikia njaa. Hizo wiki saba ndiyo safari yake. Lazima mtu wake amsemeshe, amwambie usiogope, pita huku, taa hii hapa. Asiyesemeshwa anapotea njia. Baada ya hapo hata ukimwita hakusikii."

Nilishuka ngazi bila kitana. Bi Rukia alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote, nikajikwaa kwa haraka, nikamwambia si arobaini, Bi Rukia, si siku moja ya mwisho, ni kila siku, na wiki moja ilikwenda kwa yule mfanyabiashara na nyingine mbili zimekwenda humu ndani mwetu. Vidole vyake vilisimama juu ya ungo. Aliuona ukweli wake, niliuona ukimfika usoni. Lakini akasema, "Kesi ni keshokutwa, Salma. Keshokutwa tu. Mama yake kafa, hafi tena. Huyu bado yu hai, akirudishwa huko atafia jela." Nikamwambia mama yake anazunguka gizani. "Hiyo ni imani yao," akasema. Nikajibu, kwa ukali ambao sikuwahi kumjibu mtu mzima, "Na yeye ni wao."

Nilimwambia mwenyewe, adhuhuri ileile, kwenye ngazi karibu na simu. Sikujua kuzunguka kwa Kiingereza, wala sikutaka. Nikasema mama yako amekufa, kaka yako alipiga, ni wiki mbili sasa. Hakulia. Aliuliza, "Wiki mbili hapa?" Nikaitikia kwa kichwa. Akamwangalia Bi Rukia aliyetokea mlangoni mwa jikoni na ungo bado mkononi, akamwangalia kwa muda, na kilichokuwa usoni mwake hakikuwa hasira. Ingekuwa hasira tungejua la kufanya. Kisha akapanda juu akafunga mlango. Bi Rukia alikaa chini akingoja kilio. Kwetu kilio kikishatoka, kazi ya wengine inaanza: unamshika, unamnywesha maji, unalia naye. Alingoja mpaka Wanjiku akaamka kwenda kazini, na hapakutoka sauti. "Umenivunjia neno langu," aliniambia, "na hata kulia hajalia." Hakunisemesha tena kwa siku nyingi.

Mbele ya jaji Dolma alikwenda. Nilimsindikiza pamoja na wakili wake. Aliulizwa jina la mto wa kijijini kwao, akanyamaza. Aliulizwa walivuka mpaka mwezi gani, akasema hakumbuki. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti, na mimi nilijua anazungumza na nani. Baada ya wiki kadhaa jibu lilikuja: amekataliwa. Alikata rufaa, na rufaa ile ilimla miaka, akilala vyumba vya watu huku na kule, mara Castle Vale, mara mji mwingine kabisa, kabla hajapewa ruhusa ya kuishi. "Haya ndiyo niliyokuwa nikiyakimbia," Bi Rukia alisema siku ile ya jibu, bila kuniangalia. Hata leo nikipima sina hakika mizani inalala wapi. Nilimpa mama yake, nikamchukulia miaka. Wanaosema ukweli siku zote ni bora sidhani wamewahi kukaa kwenye benchi lile nyuma ya Dolma.

Lakini kabla ya hapo zilikuja zile wiki zilizobaki, nazo ndizo zilizonifanya mtu niliye. Jioni ya ile siku niliyomwambia, Dolma alishuka kutafuta siagi. Ilikuwa imebaki kipande cha kupakia mkate. Akakichukua, akapanda nacho. Asubuhi nilipofungua mlango wangu nikaona, mbele ya mlango wake, lile kopo la samli ya Bi Rukia. Wageni wa nyumba ile wanalijua kopo lile. Samli ya kwao, aliyoletewa na watu kutoka nyumbani, haikutumika ila kwa pilau ya Idi, na mimi nilishawahi kutolewa jikoni kwa kuikaribia na kijiko. Lilikuwa limewekwa pale lote, na juu yake vikombe vya kahawa, vile vidogo, vya kuwekea tambi za taa. Wanjiku alimkuta anashuka ngazi. "Mama, na dini?" akamuuliza. "Mimi siingii humo," Bi Rukia alijibu. "Lakini taa bila mafuta ni ukatili."

Basi nyumba ya Mwislamu wa Erdington ilinuka samli na shayiri ya kuungua kwa mwezi mzima. King'ora cha moshi kilipiga kelele kila jioni, na Wanjiku, na sare yake ya kazi, alisimama juu ya kiti akikipepea kwa taulo na kukemea kwa jina la Yesu. Kupitia ukuta nilimsikia Dolma akisoma kwa sauti, lugha nisiyoijua, akikatiza kila mara kuita, nami nililijua neno lile: Amala. Hakulia hata siku moja. Nilimuuliza mwishowe, kwa sababu ilinitisha. Alikuwa anakata tambi za pamba kwa mkasi. "Hatulii," alisema. "Aliyekufa akisikia kilio cha mtoto wake atageuka nyuma. Akigeuka atapotea." Mkasi ukasimama. Alikaa akiutazama mkono wake mwenyewe. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Ndiyo maana alisimama vile mlangoni," na nikamwona anavyouma mdomo, kwa nguvu zake zote, asilie. Bi Rukia alikuwa kwenye ngazi na sinia la chai. Hakuingia. Aliliweka chini, akakaa palepale kwenye ngazi na kanga yake usoni, akalia yeye, kimya, kwa niaba yake.

Nilipofika juzi, mikeka ilikuwa imetandikwa na makochi yametolewa nje. Hafidh alinipokea mlangoni akaanza, "Da Salma, unajua Bi Rukia…" nikamwambia najua, mdogo wangu, pumzika. Dolma alikuwa jikoni na wanawake wengine, mtandio kichwani kwa heshima ya wenye msiba, nywele zake zina mvi kama zangu, anachambua mchele kwenye ungo uleule. Toka alipopata ruhusa yake alirudi kuishi mitaa miwili kutoka pale, na miaka ya mwisho ndiye aliyekuwa akimwogesha Bi Rukia. Wanjiku alikwisha kurudi Nyeri. Dolma alikuwa amempigia na yeye. Nikakaa karibu yake, nikatia mkono kwenye mchele. Nikamuuliza kwa nini alinipigia moja kwa moja, hakungoja nifike.

"Si mimi," alisema, kwa Kiswahili chake cha Kiunguja alichofunzwa humuhumo jikoni. "Bi Rukia kaniagiza. Wiki iliyopita. Kanambia, 'Nikifa, Salma mwambie wewe, tena umwambie papo hapo. Hawa watu wangu watamficha, wataogopa atalia. Mwache alie. Mimi si wa kwenu, mimi hata akilia sipotei.'"

Basi nikalia, juu ya ungo, mpaka mchele ukalowa, na Dolma akanishika.